Kitanda Kisichokuwepo

Jumatatu, 7 Oktoba

Meneja ameitisha kikao cha dharura. Nikavaa koti. Kikao cha dharura ni ama kufukuzwa ama kupandishwa cheo, na kwa yote mawili napenda nionekane nadhifu.

Haikuwa kufukuzwa. Kuanzia Jumatatu ijayo duka letu litauza kwa simu. Mteja atakaa kwake, atabonyeza, tutampelekea mzigo. Hatashika kitu, hatapima kitu, ataamini tulichoandika. Na tulichoandika, akasema Meneja huku akijikuna kipara, ni aibu tupu. Akasoma mifano. Ngazi ya chuma ina uzito mdogo kuliko kijiko. Kabati la milango mitatu halina urefu wala upana, lina rangi tu, na kwenye rangi imeandikwa "ndiyo". Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kabati ni langu.

Ieleweke: mimi ni karani wa taarifa za bidhaa. Kila kinachoingia dukani lazima kiandikwe kwenye kompyuta: jina, aina, uzito, vipimo, picha. Niko na samani, zana za ujenzi na vitu vya bustani. Meza ya pili yuko mwenzangu, ana vyombo vya jikoni na vifaa vya umeme. Tunamwita Nukta, kwa sababu hata akijibu "sawa" kwenye simu huweka nukta mwishoni. Mwanamke mtulivu. Sijawahi kumwamini mtu mtulivu.

Sasa agizo. Kila mmoja wetu atunge kanuni za bidhaa zake, aziingize kwenye mfumo, kisha kompyuta ikague. Bidhaa iliyotimiza kanuni, kijani. Yenye kasoro, nyekundu. Ijumaa Meneja ataangalia asilimia ya kila meza, maana huyu mzee asilimia kwake ni chakula. Atakayeshinda atakuwa Mkuu wa Taarifa za Bidhaa na atapewa kile chumba cha pembeni. Chenye mlango.

Mlango! Nimekaa miaka chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Nina ndoo mezani. Umewahi kuona Mkuu mwenye ndoo?

Nyumbani mke wangu akanikumbusha kitanda. Baba yake alivunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, Jumamosi anaruhusiwa, na atakaa kwetu. Daktari hataki alale kitanda cha kawaida. Anataka kile chenye mgongo wa kuinuka. Tumeshakilipia hapo hapo dukani kwetu, kiko ghala, kazi ni kukileta tu. Mke wangu alinitazama kitambo. Akasema mambo yote ya huyu mgonjwa wameyabeba yeye na dada zake, mimi wameniachia hilo moja. Nikamwambia ahesabu limekwisha.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimetunga kanuni. Sijisifu, lakini ni kanuni za mtu mwenye mlango.

Bidhaa isiyo na uzito haikubaliki. Isiyo na vipimo vitatu, urefu, upana na kimo, haikubaliki. Jina la bidhaa lazima lianze na aina yake: meza ianze kwa "Meza", si "Nzuri sana, meza". Na picha isiwe na mtu. Hiyo ya mwisho niliitunga kwa hasira. Mpiga picha wetu ana shemeji mmoja asiye na kazi, na kila kiti kinachoingia dukani lazima amkalishe.

Vyungu vya maua nikavisamehe. Ile ya jina tu ndiyo inavigusa. Chungu ni chungu, utakishuku kwa lipi?

Nikabonyeza "Kagua". Skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini. Nikadhani imeharibika. Haikuharibika. Asilimia tisa. Na hiyo tisa ni vyungu, na nyundo moja.

Nikamchungulia Nukta. Yeye arobaini na kitu. Sasa tazama alichofanya: akavaa koti la ghala, akachukua futi ya kamba na mizani, akashuka. Kutwa nzima anapima birika moja moja! Akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniambia birika tulizokuwa tumeziandika kuwa saizi moja, kumbe ni saizi mbili. Alifurahi kana kwamba ameokota kitu. Nilimhurumia kwa dhati. Mtu mzima, mwenye elimu yake, anaamkia birika.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi kabla ya chai ya saa kumi nilikuwa na kanuni mpya: bidhaa isiyo na uzito ipewe kilo moja, isiyo na vipimo ipewe mita moja kila upande. Kompyuta ijaze yenyewe. Nikabonyeza. Kijani! Asilimia themanini na mbili! Zilizobaki nyekundu ni zile za shemeji na za majina mabaya tu.

Chai nilikunywa nimesimama dirishani, mkono mmoja mfukoni. Nilikuwa najizoeza.

Jumatano, 9 Oktoba

Asubuhi Komeo amepanda ngazi. Komeo ndiye mtunza ghala wetu. Jina amelipata kwa sababu hakuna kinachotoka getini kwake bila karatasi, hata ukiwa unaungua moto. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo akipanda ngazi ujue kuna jambo.

Akaniambia, taratibu, kwamba kompyuta ndiyo inayochagua chombo cha kubebea mizigo. Mzigo mzito inaupa lori, mwepesi inaupa pikipiki. Leo imetuma pikipiki ije kuchukua kabati la milango mitatu, kwa sababu lina kilo moja. Kijana wa pikipiki amefika. Amelizunguka lile kabati mara mbili, ameketi, na ameuliza kama litashuka lenyewe. Na kuna mwingine yuko njiani, amefuata mashine ya kuchanganya zege.

Nikamjibu Komeo kuwa hayo ni majaribio. Akauliza kama yule kijana anaweza kujaribu kurudi nyumbani.

Nikaifuta kanuni. Asilimia tisa.

Nukta alisikia yote. Hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha zangu, lakini hakucheka. Mchana alikuja akaweka futi yake ya kamba mezani kwangu, kando ya ndoo.

"Kishike kitu kwanza, ndugu yangu," akasema. "Ukishakishika, ndipo ukitungie kanuni."

Nikamshukuru. Nikamrudishia. Najua mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mgongo wangu nao una historia yake.

Alasiri nikakaa nikawaza. Hii asilimia kompyuta inaipataje? Nikafuatilia. Inahesabu bidhaa ambazo mteja anaziona, kisha inauliza ngapi kati ya hizo ni za kijani. Ambazo mteja anaziona! Nikasimama, nikaketi tena. Kumbe sina haja ya kurekebisha nyekundu hata moja. Yatosha zisionekane.

Kanuni ya mwisho, na ndiyo mama wa kanuni zote: bidhaa yenye kasoro ifichwe mpaka itakaporekebishwa. Na ukiitazama vizuri ni kanuni ya huruma. Inamlinda mteja. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyetoa sadaka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Asilimia mia moja!

Meneja akaja, akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akatazama tena. Akanipa mkono kwa mikono miwili. Akawaita watu wa uhasibu waje waone. Mmoja wao akauliza kama skrini imekwama, maana haina vitu. Meneja akamwambia ndivyo kitu safi kinavyokuwa. Akapiga picha.

Nukta yuko themanini na saba. Ana plasta kwenye kidole gumba, amebanwa na mashine ya kusaga nyama akiipima. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Akaniuliza kwa upole meza zimekwenda wapi. Nikamjibu ubora hauendi kwa wingi. Akauliza viti. Nikamjibu hivyo hivyo. Akaniangalia kama muuguzi anavyomwangalia mgonjwa anayesema hana homa, kisha akarudi kwenye pasi zake.

Walipokwenda kula nikaingia kile chumba cha pembeni. Nikafungua mlango. Nikaufunga. Nikagonga kutokea ndani nisikie sauti yake. Mlango mzuri, mzito, haulalamiki bawaba. Nimeshachagua ukuta wa kuwekea picha yangu.

Mke wangu akauliza habari ya kitanda. Nikamwambia ahesabu limekwisha. Akasema nilimwambia hivyo Jumatatu. Basi limekwisha mara mbili, nikasema. Hakucheka. Alikuwa anafua mashuka ya baba yake kwa mkono, yale laini, asije akachubuka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku yangu! Nikashuka ghala asubuhi na risiti mkononi, nimetulia kabisa. Komeo akaandika namba kwenye kompyuta yake. Akaandika tena. Akasema hakuna kitanda.

Nikamwonyesha. Kiko pale, nyuma ya mgongo wake, kimevikwa nailoni, na mkono wake wa kuinulia unaonekana. Akageuka akakitazama kwa heshima.

"Mimi nakiona," akasema. "Kompyuta haikioni. Kisichokuwepo kwenye kompyuta hakitoki getini."

Nikamwambia mimi ndiye ninayeiandikia hiyo kompyuta. Akasema vizuri sana, basi bila shaka najua la kufanya.

Nikapanda mbio. Nikatafuta. Kweli, kitanda kimefichwa. Nani amekificha? Kanuni yangu. Hakina uzito. Na kwenye picha, amelala nani? Shemeji wa mpiga picha! Amelala chali, mikono kisogoni, miguu ameipachika, anatabasamu. Kitanda cha mgonjwa!

Ningeweza kuomba mizani. Nukta alikuwa nayo mkononi. Tukatazamana. Nikageukia kalenda ya ukutani, nikaisoma kwa makini. Mpiga picha naye haji mpaka Jumanne. Nikiifuta kanuni ya kuficha, nyekundu zote zinarudi, na Meneja anatangaza jioni hii. Asilimia tisa mbele ya watu wa uhasibu? Afadhali nimeze futi ya kamba.

Waza, bwana, waza. Nani anapita bila kuulizwa uzito wala picha? Vyungu!

Nikafungua kitanda, pale kwenye aina nikaweka "Chungu cha maua". Kompyuta ikagoma. Jina halianzi na aina. Kanuni yangu mwenyewe inanifundisha adabu! Haya, nikaandika jina upya: "Chungu cha maua, chenye mgongo wa kuinuka". Kijani. Nikatoa karatasi ya kupelekewa mzigo nyumbani, Jumamosi asubuhi. Komeo alikuwa amekwenda kula, nikaitumbukiza kwenye kisanduku cha wapakiaji. Nikarudi juu napiga mluzi. Nyumba imesalimika na cheo kimesalimika. Wengine huitwa werevu kwa mambo madogo kuliko haya.

Jioni Meneja akatangaza. Nimeshinda! Kukabidhiwa chumba ni Jumatatu. Watu wakapiga makofi, Nukta pia, kwa mkono mmoja juu ya kifundo cha ule wenye plasta. Meneja akauliza tufanye nini ili mia moja hii isichezewe. Nikashauri, tena kwa sauti, kwamba kuanzia sasa mtu yeyote akibadilisha aina ya bidhaa, mabadiliko yasikubaliwe mpaka Meneja mwenyewe afungue ukurasa kwenye simu yake na kuidhinisha. Akasema hayo ndiyo mawazo ya Mkuu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika usiku, jikoni.

Mke wangu alikwenda hospitali. Mimi nikabaki kusubiri lori. Chumba cha mgonjwa tulikuwa tumekiondolea kila kitu, hata cherehani ya mke wangu imehamia jikoni, ili kitanda kipate nafasi. Lori likafika kwa wakati. Wapakiaji wakashusha chungu.

Chungu. Cha udongo. Kikubwa, kinanifika kiunoni. Wakakiingiza ndani kwa jasho, wakakiweka katikati ya chumba kitupu, wakajifuta.

Nikawaambia wamesahau kitanda. Mkubwa wao akatoa karatasi, akaisoma kwa kidole. Chungu cha maua, kimoja. Akaomba radhi kwa jambo moja tu: chenye mgongo hawakukipata, wamepekua ghala lote, basi wamechagua hiki chenye masikio, anatumaini kitafaa. Wakaondoka.

Nikajaribu kukibingirisha nikifiche jikoni. Hakikwenda. Teksi ikasimama nje.

Mke wangu akaingia amemshika baba yake kwapa, yeye na magongo yake. Walikuja pole pole. Wakafika mlangoni. Wakatazama.

Baba mkwe alikitazama kile chungu muda mrefu. Alikuwa fundi seremala maisha yake yote, si mtu wa kuropoka juu ya kitu kabla hajakizunguka kwa macho.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimevunjika nyonga. Sijaanza kuota majani."

Akacheka. Na kicheko kikamkata. Niliona uso unabadilika, midomo inakauka, mkono unatafuta ukuta. Akaushika ukuta akatulia hivyo, macho amefumba, anahema. Mzee wa watu hakutoa hata sauti. Tukamketisha kwenye kiti cha sebuleni na mito mitatu nyuma yake, na kila alipojaribu kuegemea alikunja uso, kisha akatutazama na kusema hapa pazuri, msijisumbue.

Mke wangu akanivuta kando. Nilitaka apige kelele. Hakupiga.

"Moja," akasema. "Nilikupa moja."

Nilikimbia mpaka dukani. Jumamosi hufungwa mchana, mlinzi alikuwa ameshaanza kuburuta geti. Ghala alikuwepo Komeo, na Nukta, siku ya mapumziko, anapima pasi. Nikamweleza Nukta. Yote. Kilo moja alikuwa anaijua, nikamweleza kuficha, nikamweleza chungu. Hata masikio yake nikayataja. Aliniuliza jambo moja tu, mgonjwa yuko wapi sasa hivi. Nikasema kwenye kiti. Akaweka pasi chini.

Tukakipandisha kitanda kwenye mizani kubwa, mimi upande huu, Nukta upande ule, Komeo na magoti yake katikati. Kilo sitini na mbili. Ningekula kiapo ni thelathini. Tukapima urefu, upana, kimo, na kimo cha pili mgongo ukiwa umeinuka, jambo ambalo halikuwahi kunipitia akilini kwamba kitanda kinaweza kuwa na vimo viwili. Nukta akakipiga picha kwa simu yake. Akaniambia nitoe mkono, naonekana. Tukaingiza yote. Jina nikalirudisha kuwa "Kitanda". Aina nikairudisha kuwa "Kitanda".

Kompyuta ikaandika: mabadiliko ya aina yanasubiri idhini ya Meneja.

Ushauri wangu! Niliupaza mwenyewe! Na nikaelewa papo hapo maana yake. Ili aidhinishe, Meneja lazima afungue ukurasa wa samani. Akifungua ataona kwamba duka lake zima, lenye meza na makabati mpaka darini, lina samani moja tu. Kitanda hiki.

Nukta naye aliona. Akasema kama ninataka kutafuta njia nyingine, yeye ataenda kurudisha pasi kwenye rafu, hatatazama. Alisema kwa wema, na nadhani angefanya hivyo kweli.

Nikaketi ukingoni mwa kile kitanda. Kitanda kizuri, godoro linakupokea. Nikawaza mlango. Sisemi uongo, niliuwaza, na bawaba zake zisizolalamika. Halafu nikauona ule mkono wa mzee unatafuta ukuta.

Nikabonyeza "Tuma".

Simu ya Meneja ikalia hata kabla sijasimama. Akauliza kwa nini anaona kitu kimoja. Nikamwambia. Akauliza asilimia yenyewe hasa, ile ya kweli, ni ngapi. Nikasema tisa. Nikasikia watoto wanacheza huko kwake. Kisha akasema idhini ametoa, mgonjwa alale, mengine Jumatatu.

Komeo akagonga muhuri kwenye karatasi, akafungua geti, na bila kuombwa akapanda lori pamoja nami ili, kama alivyosema, ahakikishe kilichotoka ndicho kilichofika.

Baba mkwe amelala. Mgongo umeinuliwa, anakoroma vizuri kabisa. Mke wangu amekuja kuketi karibu yangu jikoni, kando ya cherehani. Anakunja mashuka ya baba yake na hanitazami. Lakini ameketi karibu.

Jumapili, 13 Oktoba

Mzee ameshinda anazungusha mkono wa kitanda. Juu, chini, juu. Amekagua maungio yote ya mbao kwa ukucha, amesema aliyekitengeneza hakuwa mvivu. Chungu tumekisukuma uani watu wanne. Anataka kipandwe kitu, awe anakiangalia kikikua akiwa dirishani. Mke wangu alicheka, na ni mara ya kwanza tangu upasuaji. Kisha akaniambia kuwa jana, alipoliona lori linarudi, alinisamehe nusu. Nusu nyingine ataniangalia.

Mimi nimebadilika. Naliandika hapa wazi, na tarehe iko juu. Sitafuti tena njia za mkato. Nitashika kitu kwanza, kisha ndipo nikitungie kanuni. Usingizi wa leo utakuwa wa mtu mwema.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nukta ndiye Mkuu. Ameingia chumba cha pembeni na mlango ameuacha wazi! Wazi! Kuna watu hawastahili neema.

Nilijua nafukuzwa. Nilivaa koti. Meneja alikuwa ameshakunja uso, lakini Nukta akamwambia anamhitaji mtu anayejua kila tundu ambalo kanuni inaweza kutorokea. Sijui kama nilisifiwa. Nilishukuru tu. Kanuni ya kuficha imefutwa, mauzo ya simu yameanza na bidhaa za Nukta peke yake, na samani zitasubiri mpaka mimi nizipime zote, kwa mkono wangu, Komeo akiwa shahidi.

Basi nikashuka na futi ya kamba. Mtu mpya. Nikaanza na lile kabati la milango mitatu. Kilo tisini na nne! Lilitaka kuniangukia. Nikaandika, nikajisikia fahari. Nikapima la pili. Likanibana kidole gumba, kile kile alichobanwa Nukta. La tatu niliinua macho, nikaona yamepangwa mpaka darini, safu kwa safu, na nyuma ya safu kuna safu.

Sasa, Nukta ametuwekea kanuni mpya, na ni nzuri, nampongeza. Kila bidhaa iwe na mhusika: jina la mtu atakayejibu simu mteja akikuta taarifa si za kweli. Anasema mtu akiliweka jina lake kwenye kitu atakiandika kwa uangalifu. Ni kweli. Kwenye kitanda nimeandika jina langu, lote, mpaka la babu. Kile nakijua.

Ila nimegundua jambo. Kanuni inaangalia tu kama nafasi ya mhusika ina jina. Haiulizi jina la nani. Haiulizi kama mwenyewe ana habari. Nilijaribu kuandika Komeo, kwa uchunguzi tu. Kijani. Nikajaribu shemeji wa mpiga picha. Kijani.

Kwa hiyo makabati yaliyobaki nimeyakadiria kwa macho, kilo tisini na nne yote, na mhusika wake nimemwandika baba mkwe. Yuko nyumbani kutwa, hana shughuli, simu iko kando ya mto, na ni seremala. Wateja watampata wapi mtu wa kuwajibu vizuri kama yule? Mke wangu sijamwambia. Nitamwambia likishakwisha.